Gari la Mikate

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza na mimi. Nilikuwa nimebakiza bweni la shule na maduka mawili tu iliponikuta barabarani, ikapenya chini ya turubai kana kwamba turubai halipo. Mpishi wa bweni alichukua mkate wa juu, akauminya, maji yakachuruzika. "Dada, huu ni mkate au sifongo?" Wenzake jikoni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilirudi na trei zote juu ya pikipiki yangu ya magurudumu matatu, ile wanayoiita Kiguru, nikiwa nimelowa chapachapa.

Mwenye Tanuri alinipokea mlangoni na unga wake mikononi. Mikate yote ninayosambaza ni yake. "Mwanangu, kazi yako naipenda," akasema. "Huchelewi, hudokoi, huna mdomo. Ila mvua hii si ya leo na kesho. Kufikia mwisho wa mwezi uwe na gari lenye paa na milango, la sivyo njia hii nampa mwingine. Watu wananiomba kila siku."

Huna mdomo! Laiti angejua ninayoyaandika humu.

Akiba ninayo. Nimeikusanya kwa Kiguru hiki hiki, miaka yote hii ya jua na vumbi, na inatosha kununua gari moja kuukuu. Moja tu. Nikikosea kuchagua, sina pa kurudia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya kosa la kuwaambia nyumbani. Tulikuwa kwa Mama, sote mezani, Kaka na mkewe na mimi. Sijamaliza hata kusema neno "gari", Kaka akawa ameshalinunua, ameshaliosha na ameshalipangia njia.

"Magari niachie mimi," akasema.

Kaka anaendesha lori la kubeba mafuta ya taa, basi kwetu yeye ndiye msemaji wa kila kitu chenye tairi. Mimi nina leseni ya miaka mingi, lakini kwa familia hii leseni yangu ni picha ya kupambia kabati. Mama akadakia, "Msikilize kaka yako, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia." Nikauma meno.

Maharage ya wifi yalikuwa yameungua vibaya. Sisi tulisukuma sahani pembeni, Kaka akaongeza mara mbili. Wifi alimtazama, akanitazama, akasema, "Mume wangu hana makuu." Na gari langu je, kwa nini ana makuu nalo?

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mikate ya duka la kona imerudi yote.

Jumamosi, 8 Machi

Leo jua limetoka, tukaenda yadi ya magari. Mwenye yadi meno yake hayaingii ndani hata akimeza mate, nikampa jina la Tabasamu papo hapo. "Karibu bosi!" akamwambia Kaka. Mimi akaniambia, "Mama, kuna kivuli pale, kaa upumzike." Pesa zilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeubana kwapani, na mtu ananiambia nikapumzike!

Magari ya kiasi chetu yalikuwa mawili. Moja la kijivu, lilikuwa la kiwanda cha magodoro. Rangi imepauka, mlango wa pembeni umebonyea, na likiwashwa linakohoa. La pili jeupe, linang'aa, milango yote imeachwa wazi juani. Nilikuwa nimekuja na trei tupu kutoka kwa Mwenye Tanuri. Nikazijaribu kwenye la kijivu, zinaingia mbili mbili sambamba, na milango ya nyuma inafunguka mpaka mwisho. Mimi moyo wangu ukatulia pale pale.

Kaka akafunua boneti. "Hili linakohoa. Litakufia njiani." Akaenda kwenye jeupe, akaliwasha, akafumba macho kama anasikiliza muziki. "Injini hii inanong'ona. Umesikia?"

Nikapanda nyuma ya lile jeupe, naye akanifuata. Nikamuuliza, "Kaka, humu hamna harufu? Mkate unanyonya harufu. Ukiuweka karibu na kitunguu, unageuka kitunguu."

Akachungulia nje, akamuuliza Tabasamu, "Eti, gari hili lina harufu yoyote?"

"Harufu ya pesa tu, bosi!"

"Halina harufu," Kaka akaniambia. Nami nikavuta pumzi kwa nguvu. Nilimsikia Kaka tu, yaani ovaroli lake la kazini, kama siku zote.

Nikasema mimi nataka la kijivu. "Unataka kununua gari au godoro?" Kaka akauliza, na yadi nzima ikaangua kicheko, mpaka mwosha magari. Nimerudi nyumbani nikiwa nimefura.

Jumanne, 11 Machi

Mvua asubuhi, mvua mchana. Mpishi wa bweni sasa ananisalimia kwa jina la Sifongo.

Jumatano, 12 Machi

Nimesalimu amri. Mama kanipigia, wifi kanipigia, Kaka kanipigia, wote wimbo mmoja. Nimelipa, gari jeupe ni langu. Tabasamu aliandika karatasi za mauzo, akampa Kaka funguo. Kaka ndiye aliyeendesha kutoka yadini mpaka kwa Mama, madirisha wazi, akipiga honi kwa kila anayemfahamu. Mimi nilikaa upande wa abiria, ndani ya gari langu mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote.

Alfajiri nilipakia mikate ikiwa ya moto, mvua inamwagika. Kaka alikuwa safarini na lori lake, nikaendesha mwenyewe, na kusema kweli nilijisikia mtu. Nikafunga milango vizuri ili tone lisiingie. Nilipoifungua bwenini, kitu kikanipiga usoni. Mafuta ya taa. Si kwa mbali, ni kama mtu amemwaga taa nzima kwenye sakafu. Mvuke wa mikate ulikuwa umeyaamsha kutoka kwenye mbao za sakafu, na mikate imeyanywa yote.

Mpishi alimega, akatafuna, akatema. "Sifongo, leo mmekanda unga kwa mafuta?"

Wala hakuwa anatania. Alinifungia dirisha. Maduka yakafuata moja baada ya jingine. Nilikula kipande mwenyewe barabarani ili niamini, kikanikaa kooni mpaka sasa hivi.

Mwenye Tanuri hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinusa mkate mmoja, akaurudisha kwenye trei. "Mkate uliolowa ni mvua," akasema. "Mkate unaonuka mafuta ni jina langu. Tarehe niliyokupa haijabadilika."

Halina harufu! Mtu ameishi na mafuta ya taa nusu ya umri wake, anasimama katikati yake, ananiambia halina harufu!

Ijumaa, 14 Machi

Nimesugua sakafu kwa sabuni ya unga mpaka viganja vimechubuka. Gari linanuka sabuni na mafuta ya taa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesugua kwa ndimu. Gari linanuka ndimu na mafuta ya taa.

Jumapili, 16 Machi

Nimemtolea Kaka uvivu. Mbele ya Mama, mbele ya wifi, na mlango wazi majirani wasikie wakitaka.

"Umekula cha juu," nikamwambia. "Tabasamu kakupa cha juu ili uniuzie gari bovu. Hakuna njia nyingine. Dereva wa mafuta ya taa hawezi kukosa kuyasikia mafuta ya taa!"

Nilimsubiri abishe. Nilitaka abishe. Nilikuwa na maneno mengine nimeyapanga nyuma ya hayo. Kaka ni mtu wa kupaza sauti hata kwa jambo la chumvi, lakini leo aliangalia vidole vya miguu yake tu.

"Kama ndivyo unavyoniona," akasema, "basi."

"Basi nini? Sema!"

"Basi."

Mama akaanza kulia, akaniambia nimemvunjia heshima mkubwa wangu. Wifi alisimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi, mdomo umefunguka kama anataka kusema, halafu akaufunga. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Huyu ameufyata.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwa Tabasamu. "Mali ikishatoka getini hairudi, mama. Kwani hukulinusa?" Huku anacheka. Nilitamani kuyahesabu yale meno kwa ngumi.

Jumatano, 19 Machi

Kiguru, maturubai mawili, mvua. Bweni wamechukua nusu ya mikate. Kaka kapiga simu, sikupokea.

Jumapili, 23 Machi

Nilikwenda kumpelekea Mama dawa zake. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikimkuta Kaka naweka dawa mezani na kugeuka.

Nilisikia harufu ya gesi nikiwa bado kwenye kibaraza. Nikaingia jikoni mbio. Uji ulikuwa umefurika na kuuzima moto, gesi inatoka kwa sauti ya chini chini, na Kaka amesimama mbele ya jiko, ameshika kiberiti, njiti tayari kidoleni. Mama amelala chumba cha pili.

Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Nikampokonya kiberiti, nikazima gesi, nikafungua dirisha na mlango, mvua ikaingia ndani, na iingie. Kaka ananitazama tu.

"Una wazimu?" nikamwambia. "Unataka kumchoma Mama? Husikii gesi?"

"Gesi gani?"

Aliuliza kwa unyofu kabisa. Nikamwona akivuta pumzi, akivuta tena, macho yamemtoka, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba asichokijua. Hapo nikaelewa. Yale maharage. Yale maziwa yaliyochacha aliyokunywa kwenye kikombe kizima mwaka jana, sisi tukamsifu hana makuu.

Alikaa kwenye kigoda. Akanieleza akiwa ameinamisha kichwa. Tangu ile homa kali ya mwaka juzi pua yake imekufa, hasikii kitu, si ua si choo. Wifi peke yake ndiye anayejua.

"Na mimi ukanificha?"

"Wewe una mdomo," akasema. Walau mmoja anajua. "Dereva wa mafuta asiyesikia mafuta yakivuja, mdogo wangu, nani atampa funguo za lori?"

"Kwa hiyo uliona heri nikuite mwizi, mbele ya Mama?"

"Mwizi ungenisamehe siku moja. Lori lisingerudi."

Nilidhani nikiujua ukweli hasira itashuka. Imepanda. Nimemwambia yote, kwamba alipanda nyuma ya gari langu na kunipa jibu ambalo hana, kwamba amecheza na akiba yangu, na barabarani anacheza na watu asiowajua, na leo nusura acheze na Mama.

"Nilimuuliza yule mtu," akasema mwishoni. "Mbele yako nilimuuliza. Kwa kuwa mwenyewe siwezi."

Ni kweli, alimuuliza. Na Tabasamu akamjibu kwa mzaha.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nina hasira na watu wengi, nimeanza kuchanganya zamu zao.

Jumanne, 25 Machi

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Nilimwomba Mwenye Tanuri mikate ya moto. Akaniuliza ya wapi, nikasema ya yadi ya magari. Akanitazama, akanipa, akaongeza trei ya pili. Nikaipakia trei moja kwenye gari jeupe, nyingine nikaiweka mbele kitini, nimeifunika kwa kitambaa safi, dirisha wazi. Nikafunga milango, nikazunguka mji mvua ikinyesha. Kaka alikuwa ananisubiri njia panda. Sikumwita, ila nilikuwa nimemwambia Mama ninakokwenda. Alipanda, akaipakata ile trei ya mbele.

Yadini palijaa, watu wamejikinga mvua chini ya bati, na Tabasamu katikati yao anapiga domo. Nikalisogeza gari kinyumenyume mpaka mbele yao, nikafungua milango. Waliokuwa karibu wakaruka nyuma. Nikashusha trei, nikamkabidhi kila mmoja kipande. "Karibuni, mkate wa moto," nikasema. Wakaonja, wakatema. Bwana mmoja aliyekuwa anahesabu noti za kununua gari akaacha kuhesabu.

"Hilo ndilo gari lisilo na harufu," nikawaambia. "Mimi nasambaza mikate. Aliniuzia akijua."

Tabasamu hakutingishika. Amezoea. "Jamani, huo mchezo tu. Nani anajua kaupaka nini huo mkate? Bosi huyu hapa, mtu wa magari, alipanda mwenyewe, akakagua, akasema halina harufu. Muulizeni."

Wote wakamgeukia Kaka.

Pembeni, karibu na nguzo, alisimama kijana aliyevaa fulana ya kampuni ya Kaka. Nilimwona, na nikamwona Kaka amemwona. Nikajua Kaka hatasema. Na kwa mara ya kwanza mwezi huu sikuwa na nguvu ya kumlaumu.

"Mimi sisikii harufu," Kaka akasema.

Mvua ilikuwa inapiga bati, wa nyuma hawakusikia vizuri. Akarudia kwa sauti yake ile ya barabarani.

"Pua yangu imekufa! Mwaka wa pili huu. Sisikii mafuta, sisikii moto, sisikii chochote. Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Ukanijibu harufu ya pesa. Gari hili limebeba madumu ya mafuta ya taa mpaka sakafu imeyanywa, ulijua, ukalianika juani milango wazi. Sasa waambie hawa nilikuuliza au sikukuuliza."

Hakuna aliyecheka. Yule bwana wa noti akazirudisha mfukoni. Mwingine akauliza, "Na lile langu uliloapa halijawahi kugongwa?" Mwingine akasema naye angependa kupanda tena kwenye gari alilooneshwa, safari hii milango ifungwe. Meno ya Tabasamu yakaanza kuingia ndani moja moja.

"Mama, tukae ofisini tuongee," akasema.

"Sikai. Siku ile uliponiambia nikae sikukaa, leo nitakaa vipi? Nataka la kijivu kwa hili jeupe. Papo hapo, bila nyongeza."

Akanipa. Lakini kwanza nilichukua ile trei ya pili, nikaiweka ndani ya la kijivu, nikafunga milango na kuzunguka nalo mtaa mzima linakohoa. Niliporudi nikafungua, nikaonja mbele ya wote. Mkate ulikuwa mkate. Yule kijana wa fulana alishaondoka.

Alhamisi, 27 Machi

Bweni. Mpishi kaminya, kanusa, kamega, katafuna muda mrefu kwa makusudi kunitesa. "Huu sasa ni mkate," akasema. Bado ananiita Sifongo. Gari linakohoa kila kilima, na likohoe.

Jumatatu, 31 Machi

Mwenye Tanuri amenusa ndani ya gari kona zote. Njia imebaki yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Kaka amesimamishwa kazi. Wifi kanipigia, "Umefurahi sasa? Umepata gari lako?" Nikamjibu kwamba yeye aliyejua na kumwacha alale juu ya tangi la mafuta asinifundishe mapenzi. Tukakata simu wote kwa pamoja. Kisha nikalia, nikiwa bado na hasira. Sikujua vinaweza kukaa pamoja.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua nyepesi. Kaka hapokei simu yangu. Sasa zamu yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua imebaki manyunyu. Mwenye Tanuri ameniongezea njia ya hospitali, nami nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia mizigo.

Alfajiri hii Kaka alikuja getini kwa miguu, amevaa ovaroli lake la kazini. Ndilo vazi la kazi alilonalo. Hakusalimia vizuri.

"Dereva unamhitaji?" akauliza, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mlango wa usukani. Nilikuwa nimekaa hapo.

"Dereva yupo," nikasema. "Nahitaji mtu wa kupakia na kushusha."

Akauachia mlango. Akazunguka nyuma, akanyanyua trei, akapanda nayo.

Nikashuka kumwonesha zinavyopangwa mbili mbili, nikaingiza kichwa ndani. Mafuta ya taa. Ndani ya gari langu la kijivu! Nilitaka kupiga kelele. Kaka akashuka kufuata trei nyingine, na harufu ikashuka naye. Akapanda, ikapanda.

Nikakumbuka yadi siku ile ya jua. Niliyasikia. Niliyasikia mafuta ya taa kwa pua yangu nzima, nikasema huyu ni Kaka. Miaka yote lori lile limekuwa likirudi naye nyumbani, kwa Mama, mezani, kitandani kwa wifi, sisi tukazoea. Mwanzoni tulinyamaza kwa adabu, na tangu ile homa yeye ndiye peke yake asiyeweza kujua.

"Kaka," nikasema. "Unanuka mafuta ya taa."

"Mimi?"

"Wewe. Siku zote."

Alijitazama kifuani, mikononi. "Nimelifua hili jana."

"Halitoki."

"Mbona hamkuniambia?" Sasa yeye ndiye aliyekasirika, na haki ilikuwa yake. "Na Mama? Na wote? Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Na wewe mbona hukutuambia?" nikafoka.

Tukatazamana hapo getini, mikate inapoa. Halafu akafungua zipu mpaka chini, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, nusura aanguke, akalitupa ovaroli juu ya Kiguru. Akabaki na fulana na kaptura, manyunyu yanamwangukia mabegani.

"Sasa je?"

Nikamsogelea, nikamnusa bega, nikamnusa shingo na kichwa, kama Mama alivyokuwa akitunusa tukirudi kucheza. Alikuwa ananukia sabuni na jasho la mtu.

"Sasa panda," nikamwambia. "Upande wa abiria."